Mashahidi Tisa Mbele ya Mtahiniwa

Wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mtakaoingia kwenye chumba cha mtihani mwezi Mei: nimeombwa nizungumzie insha ya historia inayoandikwa kwa kutumia nyaraka, ile ambayo watoto wetu hapa Marekani wanaiita DBQ. Nitaipitia kwa swali moja tu, la zamani kidogo. Swali moja likichambuliwa hadi mwisho linamfaa mwanafunzi kuliko kumi yaliyoguswa juujuu. Tena swali nililolichagua linatuhusu sisi tunaosema Kiswahili kuliko waliolitunga walivyodhani.

Taratibu kwanza, tuzimalize upesi. Katika mitihani ya historia ya AP, ile ya kiwango cha chuo inayofanywa na wanafunzi wa sekondari, iwe ya Marekani, ya Ulaya au ya dunia, insha hii inapewa dakika 60, na 15 za mwanzo zinashauriwa ziwe za kusoma. Mtahiniwa anawekewa nyaraka 7, ambazo kwa kawaida hajawahi kuziona. Insha inabeba asilimia 25 ya alama za mtihani mzima, na inasahihishwa kwa pointi 7: moja ya hoja kuu, moja ya muktadha, tatu za ushahidi, mbili za uchambuzi. Katika zile tatu za ushahidi, mbili zinatoka kwenye nyaraka ulizopewa na moja ni ya jambo unalolijua mwenyewe, lisiloandikwa popote katika karatasi ile. Pointi za uchambuzi ni mbili: moja ya kueleza kwa nini ni muhimu kujua aliyeandika ni nani na alimwandikia nani, na moja ya kuonyesha kwamba unaona jambo lina pande nyingi. Miaka ya karibuni masharti yamelegezwa kidogo: nyaraka nne zikitumika vizuri kujenga hoja zinatosha, ambapo zamani zilitakiwa sita.

Kijana akiiona orodha hiyo anaanza kuwinda pointi mojamoja. Simshangai, mtihani ni mtihani. Lakini pointi zile saba zote zinatokana na kazi moja, na asiyeifanya kazi hiyo atahangaika saa nzima kisha atoke na mbili.

Insha ya namna hii iliingia katika mtihani wa AP wa historia ya Marekani mwaka 1973. Wanaotajwa kuwa waasisi wake ni padri mmoja, Giles Hayes, na mwenzake Stephen Klein. Nia ilikuwa kumtoa mwanafunzi kwenye kumwaga aliyoyakariri na kumkalisha kwenye kiti cha mwanahistoria: karatasi ziko mbele yake, hazikubaliani, na yeye ndiye wa kuamua. Hapo ndipo wengi wetu tuliosoma Tanzania, Kenya au Kongo tunapowapoteza watoto wetu bila kukusudia. Sisi tulilelewa na swali la “eleza sababu sita”. Utangulizi, sababu sita, hitimisho, mwalimu anahesabu vema sita. Ulikuwa mtihani halali na ulitufundisha mengi. Lakini mtoto anapokuomba msaada wa DBQ nawe ukamwambia “kariri pointi”, umempa silaha ya vita vingine.

Sasa swali lenyewe. Mwaka 2009, mtihani wa AP wa historia ya dunia uliwataka watahiniwa wachambue jinsi Waafrika walivyotenda na walivyoitikia pale mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakiligombania bara la Afrika. Wakati huo nyaraka zilikuwa tisa. Kulikuwa na fomu ya mkataba ya Kampuni ya Royal Niger, ya 1886. Kulikuwa na jibu la Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Asante, alilowapa Waingereza mwaka 1891 walipomtaka awe chini ya ulinzi wao, na barua ya Menelik wa Pili wa Ethiopia ya mwaka huohuo kwa mataifa ya Ulaya. Ndansi Kumalo, mzee wa Kindebele, alisimulia vita vya 1896. Mchoraji wa Kiethiopia alionyesha vita vya Adowa vya mwaka huo. Ilikuwapo hotuba ya 1900 ya Yaa Asantewaa, malkia mama wa Kiasante, barua ya Samuel Maherero wa Waherero ya 1904, makala ya ofisa wa Kijerumani kuhusu Vita vya Maji Maji, na masimulizi ya chifu Mojimba kuhusu mapigano ya 1877 kwenye Mto Kongo.

Mtahiniwa dhaifu anafanyaje? Anaandika: “Waraka wa 1 unasema machifu walitoa ardhi yao. Waraka wa 2 unasema Prempeh alikataa. Waraka wa 3 unasema…” Anakwenda hivyo hadi wa tisa, kisha anaandika kwamba kwa hiyo Waafrika waliitikia kwa njia mbalimbali. Kila sentensi yake ni kweli, na msahihishaji hana la kumpa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na nyaraka zilezile mezani. Mtahiniwa huyu amekuwa karani wa mahakama anayesoma maelezo ya mashahidi kwa sauti. Kazi aliyopewa ni ya hakimu.

Mwenye nafuu anazipanga katika mafungu matatu: waliokubali, waliokataa kwa maneno, waliopigana. Hapo tumesogea, lakini bado hatujafika. Kupanga si kudai. Msomaji anataka kujua kwa nini Prempeh aliandika barua na Maherero akashika bunduki. Je, mmoja alikuwa mwoga? Hebu angalieni tarehe: 1886 mkataba, 1891 barua mbili, 1896 vita, 1900 vita, 1904 vita, 1905 vita. Zikipangwa kwa miaka, nyaraka zinaanza kusema jambo ambalo hakuna hata moja inayolisema peke yake. Hoja kuu inaweza kuwa hii: Waafrika walianza kwa mikataba na barua walipoamini kwamba Mzungu ni mgeni anayeweza kufungwa na maneno yake, walipoona maneno hayamfungi waliingia vitani, na pale ambapo hapakuwa na mfalme mmoja wa kuwaongoza, imani ndiyo iliyowakusanya. Unaweza kuipinga hoja hiyo, na ndiyo maana inafaa. Sentensi ya “kwa njia mbalimbali” haina wa kuipinga.

Tuwahoji mashahidi wachache, si wote.

Fomu ya Kampuni ya Royal Niger kwanza. Neno muhimu hapa ni fomu. Maneno yamechapwa tayari, na nafasi zimeachwa wazi za kujaza jina la nchi. Machifu wanaikabidhi kampuni ardhi yao milele, na mashahidi wanatamka kwamba waliwaona wakiweka alama zao za msalaba kwa hiari. Mtahiniwa mvivu anaandika kwamba machifu wa Niger walikubali kutawaliwa. Mtahiniwa aliye macho anajiuliza: mkataba ambao maneno yake yalikuwa tayari kabla chifu hajaonekana unatuambia nini kuhusu hiari ya chifu? Unatuambia mengi kuhusu kampuni na machache sana kuhusu machifu. Ukiandika hivyo na kutoa sababu hiyo, umepata sehemu ya ile pointi ya uchambuzi bila kuiwinda.

Barua ya Menelik inawatega wengi kwa sababu inatufurahisha. Mfalme Mwafrika anaziambia nchi za Ulaya mipaka yake ni ipi, na kwamba hatakaa akitazama tu wanaotoka mbali wakija kuigawa Afrika. Vizuri. Lakini aliwaandikia akina nani? Watawala wa Ulaya, kwa lugha ya mipaka waliyoielewa wao. Na wakati huo Menelik mwenyewe alikuwa akiipanua himaya yake. Mji wa Harar aliutwaa mwaka 1887. Kwa hiyo barua ileile ni upinzani dhidi ya kinyang'anyiro, na pia ni dai la mmoja wa washiriki wake. Kijana atakayeweza kushika mambo yote mawili katika aya moja bila kumgeuza Menelik kuwa malaika wala mnafiki, huyo ameelewa maana ya jambo kuwa na pande nyingi.

Samuel Maherero naye alimwandikia kiongozi mwenzake wa Kiafrika, Hendrik Witbooi, akimwomba wapigane pamoja dhidi ya Wajerumani. Barua haikumfikia. Aliyepewa aipeleke aliikabidhi kwa Wajerumani, na hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kuijua leo. Kuna somo ndani yake: kabla hujauliza waraka unasema nini, jiulize umesalimikaje hadi ukakufikia.

Kwa Ndansi Kumalo nitapita haraka. Alisimulia akiwa mzee, miaka ya 1930, na habari zake zikaingia katika kitabu kilichohaririwa na Mwingereza, Margery Perham.  

Sasa tufike nyumbani. Makala ya ofisa wa Kijerumani ilitoka katika gazeti la kijeshi Januari 1906, nayo inahusu maasi yaliyoanza Julai 1905 huko Matumbi, katika Tanzania ya leo. Anaeleza habari za mganga na dawa ya maji iliyoaminika kuwalinda watu na risasi. Hapa ndipo watahiniwa wengi huandika sentensi ambayo ningependa ipigwe marufuku: “Waraka huu una upendeleo, kwa hiyo hauaminiki.” Ni nani katika wale tisa asiye na upande? Menelik? Yaa Asantewaa aliyekuwa akiwahimiza wenzake wapigane? Upendeleo ndio mwanzo wa uchunguzi, nao wanafunzi wanaugeuza kuwa mwisho.

Ulizeni hivi: ofisa huyu, akiwaandikia wanajeshi wenzake na vita bado vinaendelea, anafaidika nini kwa kuelekeza macho ya msomaji kwenye uganga? Anafaidika sana. Vita vikiwa vya ushirikina, basi havikuwa vya pamba. Havikuwa vya mashamba ya shuruti ambayo wanakijiji walilimishwa kwa malipo duni, wala vya kodi, wala vya maakida na viboko vyao. Serikali inatoka safi. Kwa hiyo kuhusu sababu za vita, tumpime kwa tahadhari. Lakini kuhusu kuenea kwa dawa na nguvu ya imani ile, ni shahidi mzuri, kwa sababu hayo aliyaogopa, na mtu akiogopa jambo hulitazama kwa makini.

Aya nzuri ya mtahiniwa ingekwenda namna hii: “Ofisa wa Kijerumani (Waraka wa 8) anaisimulia Maji Maji kama habari ya mganga na dawa. Kwa kuwa aliwaandikia wanajeshi wenzake vita vikiendelea, maelezo hayo yaliwaepusha wakoloni na swali la pamba ya shuruti, ambayo wanakijiji wa Nandete waliing'oa Julai 1905 kama tendo la kwanza la uasi. Hata hivyo, anathibitisha bila kukusudia kwamba imani iliweza kuwaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja, jambo ambalo Prempeh na Menelik, wakiwa wafalme, hawakulihitaji.” Hesabuni wenyewe: waraka umetumika kujenga hoja, mwandishi wake amechunguzwa, jambo la nje limeingia, na nyaraka mbili nyingine zimeguswa. Ni sentensi tatu tu.

Na hilo jambo la nje, vijana, mnalo. Mwenzako wa darasani aliyezaliwa Ohio atajitahidi kukumbuka jina moja la Maji Maji kutoka kitabuni. Wewe babu yako huenda alikutajia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 1905. Huenda umesikia kwamba Songea inawakumbuka kila Februari machifu na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa mwaka 1906, na kwamba Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba msamaha. Andika. Usidhani elimu ya sebuleni haihesabiwi katika mtihani wa Wamarekani. Ikiwa ni kweli na inaisukuma hoja, inahesabiwa.

Swali la 2009 lilikuwa na sharti lingine ambalo siku hizi limeondolewa, nami nalisikitikia: mtahiniwa alitakiwa ataje aina ya waraka ambao haumo, na aeleze ungesaidia nini. Kwa Maji Maji, tazameni kilichokosekana. Shahidi pekee wa vita vile ni aliyekuwa upande wa wanyongaji. Lakini wengine wapo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi mzima wa vita hivyo kwa Kiswahili. Na mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee waliokuwa hai wakati wa vita, kazi inayohusishwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Msikimbilie kusema kwamba hao ndio wasema kweli. Mtu wa pwani aliyewatazama watu wa bara alikuwa na jicho lake. Na masimulizi yaliyokusanywa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha yalikusanywa katika taifa changa lililotaka sana kuona babu zake wakipigana wakiwa wamoja. Wanahistoria wa baadaye wameuhoji umoja huo. Shahidi wetu naye ahojiwe.

Namalizia na Mojimba, ambaye anaivuruga ile hoja kuu niliyoisifia. Yeye ni wa 1877, kabla ya mkataba wowote katika fungu lile, na tayari ni vita. Anasimulia kwamba walitoka na mitumbwi kumpokea mgeni mweupe kwa heshima, wakapokewa kwa risasi. Mgeni mwenyewe ni Henry Morton Stanley, ambaye katika kitabu chake cha 1878 aliona mapigano ya mtoni kuwa mashambulizi ya washenzi. Ngoma na mitumbwi mingi: mmoja anaona karibu mgeni, mwingine anaona hatari. Lakini Mojimba naye alisimulia mwaka 1907, miaka 30 baadaye, kwa mmisionari Mjerumani, wakati ukatili wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo ulikuwa umeshajulikana duniani. Kumbukumbu yake ya ukarimu na usaliti imepita katika moto huo wote. Sisemi alidanganya. Nasema alikumbuka mwanzo akiwa tayari anajua mwisho.

Na waliofyatua bunduki zile ni akina nani? Karatasi ya mtihani iliwaita mamluki, Waingereza na Waafrika. Stanley aliondoka Zanzibar mwaka 1874, na wengi wa watu wake walikuwa Wangwana walioandikishwa Zanzibar na pwani. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alimsindikiza sehemu ya safari kutoka Nyangwe mwaka 1876, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa maneno mengine, katika masimulizi ya Mojimba kuna watu waliokuwa wakisema lugha tunayoisema humu ukumbini, na hawako upande tunaopenda kuwaona. Swali linauliza Waafrika walitenda nini. Hilo nalo ni tendo la Waafrika. Nadhani mtahiniwa angeweza kupata pointi ya uchambuzi kwa jambo hilo peke yake, akilieleza kwa aya nzima na si kwa kulirusha mwishoni.

Je, Mojimba anaiua hoja? Haiui, lakini anailazimisha iongeze maneno: vita havikuwa daima hatua ya mwisho, palipokuwa na mto na msafara wenye bunduki, diplomasia haikupewa hata nafasi ya kushindwa. Usimfiche shahidi anayekupinga. Mfungulie aya yake.

Kuhusu ile saa moja yenyewe, maneno machache. Soma swali kabla ya nyaraka, na urudi kulisoma baada yake. Pembeni mwa kila waraka andika nani, lini, kwa nani, kwa nini, kwa maneno mawili matatu. Usianze kuandika kabla hoja kuu haijakaa katika sentensi unayoweza kuisema kwa sauti. Muktadha uwe na kazi: Mkutano wa Berlin wa 1884–85, kwinini, bunduki ya Maxim, kila kimoja kitajwe kwa sababu kinaeleza jambo. Usinakili maneno ya waraka kwa mistari mirefu, maana hayo msahihishaji anayo. Na ukiona dakika zinayoyoma, acha hitimisho, kamilisha aya ya ushahidi uliyo nayo mkononi.

Wazazi, maswali ya miaka iliyopita yamewekwa bure kwenye tovuti ya College Board, wanaotunga mitihani hii, pamoja na insha za wanafunzi zilizosahihishwa. Mpeni kijana swali moja Jumamosi asubuhi, simu mkae nayo nyinyi, aandike kwa dakika 60 kabla hajafungua insha za mfano. Kisha akae nanyi awaeleze hoja yake kwa Kiswahili. Asipoweza kuieleza, bado hana hoja, hata Kiingereza chake kiwe kizuri namna gani. Na kila aya inayoanza na “Waraka wa 1 unasema”, mrudishieni aiandike upya.